Choo cha Baba Mkwe

Kwetu mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hapiti mbele yake akiwa ameketi, hali chakula machoni pake, wala hamtazami usoni. Hiyo ndiyo chinsoni, ile haya ya kuheshimiana. Mtoto wa kiume naye ana haya hiyo kwa baba yake, tena yake ni kali kuliko yangu: baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata iwe inaungua. Nilipoolewa sikuona ubaya wake. Niliona ni kama kupumzika, kwamba katika boma lile yuko mtu mmoja ambaye hawezi kunigombeza, na mimi siwezi kumjibu.

Nayasema haya mwanzo ili mtu asije akaniuliza kama bwana afya alivyoniuliza: "Lakini kwa nini hamkumwambia tu?"

Baba mkwe wangu ni mzee Obwocha. Jina lake naliandika hapa kwa Kiswahili. Kwa mdomo sijalitamka hata siku moja. Boma lake liko kwenye mteremko upande wa Mosocho, migomba juu, nyumba katikati, na pembeni ya nyumba, chini ya jiwe kubwa, inatoka chemchemi. Maji yake yalikuwa baridi hata jua likichoma, na meupe hata ungeona mchanga ukirukaruka pale yanapotokea. Wageni walipewa maji yale kabla ya chakula, nao walisifu. Mama mkwe alikuwa akisema, "Binti za watu wanaolewa hapa kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya wanangu." Na wanawe wanacheka.

Mimi sikukulia pale. Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu huko Nyansiongo, na kambi yetu ya wafanyakazi ilikuwa na Wakipsigis, Wajaluo, Waluhya na sisi, kwa hiyo Kiswahili nilikijua kabla ya kujua kuandika. Shule niliishia darasa la nne. Jikoni kwa yule mzungu nilimwona baba kila asubuhi akichemsha maji ya kunywa, anayapoza, anayachuja kwa kitambaa cheupe. Nilimwuliza mbona yetu hachemshi. Akasema, "Sisi tumezoea."

Mume wangu ni Machogu. Alikwenda vitani Burma akarudi mzima, na watoto wa kijiji wakampa jina hilo hilo, Burma. Kaka yake mkubwa, Abner, anachuma chai Kericho. Mkewe Abner, Nyangate, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kila siku. Tulikwenda pamoja kuteka maji, tukarudi pamoja, na njiani alinisema: "Wewe wa Nyansiongo, shingo yako imezoea kubeba chai ya wazungu. Mtungi utakuvunja." Mtoto wangu wa kwanza ni Bochaberi, na kwa hiyo mimi ni Mama Bochaberi. Wananiita hivyo mpaka leo.

Mwaka mmoja serikali ilitaka vyoo. Chifu aliita baraza, akaja bwana afya, Mmaragoli mrefu anayeitwa Jethro, kaptura ya kaki na soksi mpaka magotini. Alisema Kiswahili, na askari wa chifu akageuza kwa Ekegusii, lugha yetu. Kila boma lichimbe choo. Shimo lipite urefu wa mtu. Kiwe mbali na maji. Mkitoka humo mwageni majivu, nzi wasikae. Boma lisilo na choo, mwenyewe ataeleza kwa chifu.

Wazee walirudi wakitembea polepole. Ombui, mzee wa rika moja na baba mkwe, aliketi naye nje ya zizi. Mimi na Nyangate tulikuwa nyuma ya ghala tunapukuchua mahindi, na nyuma ya ghala mwanamke husikia kila kitu.

"Walihesabu ng'ombe," alisema Ombui, "wakahesabu vibanda. Sasa wanahesabu na hii?"

"Waache wahesabu," alisema baba mkwe. "Yangu itawachosha."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Halafu baba mkwe akasema kwa sauti nyingine, "Lakini Ombui, choo kimoja katika boma zima? Nikae mahali mke wa mwanangu atakuja kukaa? Anikute njiani nikitoka?"

"Hapana. Hiyo ni kufa."

"Basi nitafanyaje?"

"Chimba viwili. Kimoja kijulikane, kimoja kisijulikane."

Ndivyo alivyofanya. Choo kinachojulikana kilichimbwa na Machogu chini ya nyumba, cha wanawake na watoto. Cha pili baba mkwe alikichimba mwenyewe, maana hakuna mwana anayeweza kumchimbia baba yake kitu kama hicho. Alipanda juu kwenye migomba, mahali ambapo sisi wake za wanawe hatuna kazi ya kupita, na alichimba kiangazi chote, mzee yule, peke yake, akishuka jioni na udongo kwenye nyusi. Akazungushia matete. Kilikuwa mbali na maji kweli. Mtu akiita kutoka chemchemini, wa pale juu hasikii vizuri. Alifanya hivyo kwa ajili ya heshima yetu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu sikuwahi kupata mahali pa kulisema.

Bwana afya alipokuja kukagua alionyeshwa choo cha chini. Akachungulia, akaona majivu, akasema, "Vizuri sana." Cha juu hakuonyeshwa. Nani angemwonyesha?

Mvua ya masika ilikuja nzito. Nyangate alianza kuumwa kichwa, tukasema malaria. Akapewa kwinini. Homa haikushuka. Tumbo lilimuuma, halafu likaharisha, halafu akawa analala macho wazi akishika hewani kama mtu anayechuma majani. Alipokufa, mama mkwe, ambaye Jumamosi huenda kanisani kwa Wasabato bila kukosa, alimwita mwaguzi kwa siri. Mwaguzi akasema kuna kitu kimezikwa ndani. Sakafu ya Nyangate ikachimbwa, ukapatikana mfupa wa kuku na kitambaa. Wakalia: uchawi umeonekana! Sakafu yoyote ya jikoni ukiichimba utapata mfupa wa kuku.

Halafu akaugua mtoto wa jirani mmoja anayeteka kwetu. Halafu mama yake. Ng'ambo ya kijito kuna boma la akina Walter, ambao sisi tuliwacheka kwa sababu wanakunywa maji ya kisima chao yenye rangi kama ya chai. Kwao hakuugua mtu.

Mimi si mtu wa kusema haraka. Huangalia. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikwenda chemchemini peke yangu, kwa kuwa Nyangate hayupo tena, nikainamisha kibuyu, nikaona mchanga wa pale chini umekuwa wa kijivu. Niliuchukua kwa vidole. Ulikuwa laini. Nikasugua, nikaona vipande vidogo vya mkaa. Majivu. Nikajiuliza majivu yametoka wapi, maana sisi majivu ya jikoni tunayamwaga kwenye migomba michache iliyo chini ya nyumba, na maji hayapandi mlima. Nikainua macho. Juu kabisa, katikati ya migomba, yalionekana matete.

Mzee alikuwa mtiifu. Aliambiwa amwage majivu, naye alimwaga.

Nilipanda mpaka mgomba wa mwisho ninaoruhusiwa kufika. Chini ya matete ardhi ilikuwa inatoka jasho. Migomba ya pale ilikuwa imenona kuliko yote. Na harufu ilikuwapo. Nilimwaga maji ya mtungi wangu palepale nikarudi mikono mitupu, na mama mkwe akaniuliza kama nimesahau kazi iliyonipeleka.

Jioni nilimwambia Machogu. Alikuwa anakula. Aliacha tonge mkononi.

"Umepanda huko?"

"Sikufika. Niliona tu. Majivu yanashuka kwenye maji."

"Usiniambie jambo hilo."

"Nani nimwambie?"

"Unataka mimi nisimame mbele ya baba, nifungue mdomo huu, niseme, 'Baba, pale unapo...'" Alishindwa hata kumalizia hapo nyumbani mwake, mbele ya mkewe. Mtu aliyeua watu Burma. "Sitasema. Na wewe hutasema. Ni maneno ya kupofusha macho."

"Na maji?"

"Maji yetu ni safi. Si unayaona?"

Kesho yake nilimwendea mama mkwe. Nilidhani mwanamke atanielewa, tena ni mkewe. Alinisikiliza huku akichambua wimbi kwenye ungo, na alipoelewa ninakoelekea alipepeta kwa nguvu makapi yakanirukia usoni.

"Nimezaa naye watoto, nimezeeka naye," alisema. "Sijamtajia kitu hicho hata siku moja. Wewe umekuja juzi na Kiswahili chako, unataka kujua mzee anakwenda wapi?"

"Mama, sitaki kujua. Nimeona majivu."

"Basi yaliyokuonyesha majivu ni macho mabaya. Yainamishe."

Ombui angeweza kumwambia. Watu wa rika moja huambiana chochote. Lakini Ombui naye ni baba mkwe wangu kwa sababu hiyo hiyo ya rika. Nikimwona njiani naingia kwenye majani.

Basi nilianza kuchemsha maji. Nilifanya kama baba yangu, moto, kupoza, kitambaa. Kuni zilikwisha haraka, na jikoni palifuka moshi wakati ambapo hakuna chakula kinachopikwa. Mama mkwe alikuja kusimama mlangoni. Alionja maji yangu akayatema.

"Umeua maji," alisema. "Yalikuwa hai, sasa ni maiti. Machogu! Mkeo anapika maji ya baba yako kama mtu anayepika dawa ya sumu. Watu wakisikia watasemaje?"

Machogu alisema niache. Sikuacha, nilichemsha akiwa sokoni. Lakini Bochaberi alikuwa ameshafika umri wa kulala kwa bibi yake. Mtoto mkubwa kama yule halali nyumba moja na baba na mama. Hiyo nayo ni chinsoni. Alilala kwa mama mkwe, akala kwa mama mkwe, na mtungi wa mama mkwe ulijaa maji hai. Niliomba alale kwangu masika hiyo tu. Mama mkwe aliniuliza kama mtoto ni wangu peke yangu. Nilimkataza mtoto kunywa kule. Mtoto atakatazwa kunywa maji na nani, akiwa amecheza kutwa?

Nikawaza sana. Katika boma lile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwambia mzee chochote bila aibu, na mtu huyo ni Bochaberi. Kwetu mjukuu na babu hutaniana. Haya inaruka kizazi. Baba mkwe alimwita "mke wangu", naye alimwita "mume wangu asiye na meno". Alimpanda mgongoni, alimvuta ndevu, alimwambia ananuka kama beberu. Maneno ambayo yangenifanya mimi nifukuzwe, yeye alipewa ndizi kwa ajili yake.

Nilimkalisha nje ya nyumba yangu nikimsuka. "Bochaberi, ukienda kwa Sokoro," maana ndivyo tunavyomwita babu, "mwambie hivi: Sokoro, majivu ya choo chako yanaingia kwenye maji yetu. Hamisha choo chako. Sema."

Alisema.

"Usiseme ni mimi."

"Niseme ni nani?"

"Sema ni wewe, mkewe."

Alicheka akakimbia. Nilisimama nyuma ya ghala. Baba mkwe na Ombui walikuwa wameketi pale pale kwenye zizi. Nilimsikia akifika, nikasikia sauti yake ndogo, na kwa kuwa ni mtoto na alijua utani unavyotakiwa kuwa, aliyaboresha.

"Sokoro! Mume wangu asiye na meno! Tunakunywa mavi yako!"

Nikashika ukuta wa ghala. Halafu Ombui alicheka. Alicheka mpaka fimbo yake ikaanguka.

"Obwocha, umesikia mkeo!"

"Nimesikia," alisema baba mkwe, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. "Na ni matamu, mke wangu?"

"Ni machungu! Hamisha choo chako!"

"Nihamishie wapi, kwenye nyumba ya bibi yako?"

"Hamishia kwa Ombui!"

Wote watatu walicheka. Bochaberi alirudi na ndizi mbili, moja ameniletea mimi. "Nimemwambia," alisema. "Amefurahi."

Ukawa ndio utani wa masika ile. Alipompelekea babu yake kibuyu cha maji, mzee alikiinua, akakitazama, akauliza, "Mke wangu, haya ni yangu au ni ya Ombui?" Na mtoto akajibu, "Ni yako, yanywe!" Naye akayanywa yote. Alikunywa kuliko sisi sote, na hakuugua. Baadaye Jethro aliniambia kwamba wapo watu ambao ugonjwa hukaa ndani yao kama mpangaji mtulivu, hauwasumbui, nao huupeleka kwa wengine. Wakati huo haikunisaidia kitu.

Nilimtuma mtoto tena. Nilimfundisha aseme bila kucheka. Alijaribu; lakini alipofika mbele ya babu yake, babu alitangulia kucheka.

Bochaberi aliumwa kichwa siku ya soko. Nilimchukua kutoka kwa bibi yake bila kuomba ruhusa, nikamlaza kwangu, na hakuna aliyenizuia. Nilimpa maji yaliyochemshwa kwa kijiko. Alisema hayana ladha.

Wakati huo ndipo Jethro alipokuja, kwa kuwa habari za Nyangate na za jirani zilikuwa zimefika kwa chifu. Alikuja na askari. Baba mkwe aliketi kwenye kigoda chake nje ya zizi, Machogu amesimama mbali kidogo, na mimi nilikuwa mlangoni kwangu, mtoto ndani. Jethro alikwenda chemchemini akateka kwa kiganja, akatazama.

"Maji haya yanaonekana mazuri sana," alisema. "Mwulizeni mzee, kuna choo kingine katika boma hili? Yeye mwenyewe anakwenda wapi?"

Askari ni kijana wa ukoo ule ule. Alitazama ardhi. "Bwana, mimi ni kama mtoto wake. Neno hilo siwezi kulipeleka."

"Wewe basi," Jethro alimgeukia Machogu. "Unajua Kiswahili, umekuwa jeshini."

Machogu alisema, "Ng'ombe wameingia kwenye mahindi," akaondoka. Hapakuwa na ng'ombe kwenye mahindi.

"Mbona watu hawa!" alisema Jethro. "Watu wanakufa, mimi nauliza choo, kila mtu anakuwa bubu! Wewe mama, unajua Kiswahili?"

Ndani Bochaberi alikuwa anachuma hewa kwa vidole, kama Nyangate.

Nilitoka. Nilisimama nimegeuza mgongo kwa baba mkwe, kama inavyotakiwa. Na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Kwa Ekegusii neno lile lisingetoka hata mtu akinipiga. Lilikuwa limefungwa tangu nilipofunzwa kuongea. Lakini kwa Kiswahili lilikuwa neno tu, kama sufuria, kama kuni, kama yale ya kambini Nyansiongo. Mzee hajui Kiswahili. Nikasema.

"Choo chake kiko kule juu, ndani ya migomba, ameficha kwa matete. Mvua ikinyesha kinavuja. Majivu yake nimeyaona kwenye maji kwa macho yangu. Mke wa shemeji yangu amekufa kwa ajili hiyo, na mtoto wangu yuko ndani anakufa."

Jethro alinitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Muda mfupi baada ya Nyangate kuzikwa."

"Lakini kwa nini hamkumwambia tu?"

Nilimwambia, "Tulimwambia. Alicheka."

Nyuma yangu nikasikia baba mkwe akimwuliza askari, "Amesema nini, mke wa mwanangu?" Kwa upole kabisa. Askari alifunga upya mkanda wake.

Jethro alipanda juu mwenyewe. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akaamuru kile choo kifukiwe siku ile ile, chemchemi izungushiwe ua, na kila mtu achemshe maji mpaka atakaporudi. Akaandika mtoto apelekwe hospitali mjini. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti na blanketi, mimi nikikimbia nyuma na chupa ya maji yangu. Alikata roho kabla hatujauona mji, mahali ambapo barabara inageuka. Walimteremsha kwenye majani ili nimshike. Chupa ilikuwa bado ina joto.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyosemwa.

Yule askari alikuwa na ulimi. Alishindwa kupeleka neno moja mbele ya mzee, lakini pale sokoni Mosocho aliyapeleka yote. Ya kwamba mke wa Machogu alisimama mchana kweupe, mzee ameketi pale pale nyuma yake, akataja choo cha baba mkwe wake mbele ya mgeni. Na kabla jua halijatua mtoto wake akafa. Watu waliyaunga mambo hayo mawili bila kazi kubwa. Nani hakuona? Alivunja chinsoni, na chinsoni ikachukua mtoto.

Wazee walikaa. Mimi sikuitwa ndani. Niliketi nje ya ua nikiwasikia, kama kawaida. Walimwuliza Machogu, "Ni kweli alisema?"

"Alisema."

"Ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia."

Hakusema kwamba nilikuwa nimemwambia yeye kwanza. Hakusema juu ya majivu. Nikangoja aseme. Nilikuwa na subira. Nilingoja mpaka wakaanza kuzungumza juu ya mbuzi. Ilikuwa lazima mbuzi achinjwe kunisafisha, utumbo wake upakwe mlangoni pangu na mgongoni mwangu, ndipo boma lipone. Mama mkwe alilia kwa sauti, akasema, "Nilimwambia ainamishe macho."

Mbuzi alichinjwa. Nilipiga magoti walipotaka nipige magoti.

Na boma likapona. Hakuugua mtu mwingine, wala kwa jirani. Choo kilikuwa kimefukiwa, mvua zilikuwa zimekwisha, chemchemi ilikuwa na ua. Lakini ukimwuliza mtu yeyote kwenye mteremko ule ni nini kilichoondoa ugonjwa, atakwambia: mbuzi. Jethro aliporudi alifurahi sana kuona ua bado umesimama. Wanawake walimsikiliza akieleza habari za kuchemsha maji, wakaitikia ndiyo, ndiyo, na alipoondoka wakaenda kunywa. Waliyajua maji yao. Maji hayakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa ameshasafishwa.

Baba mkwe hakuchimba choo kingine. Alisema serikali ilimwambia achimbe, halafu ikamwambia afukie, na yeye ni mzee, hawezi tena kucheza mchezo huo. Alirudia desturi ya zamani, ya kwenda vichakani asubuhi na mapema. Naona anaelekea upande gani. Ni upande wa juu ya chemchemi.

Mwezi uliopita, jua likiwa bado lipo, nilikuwa nje ya jiko langu napuliza moto chini ya sufuria. Alikuja akasimama mbali, karibu na ghala, amenigeuzia mgongo, akitazama kaburi la mtoto pale kwenye migomba. Sisi hatuzungumzi. Alizungumza na fimbo yake, au na ng'ombe.

"Yule mtoto," alisema. "Alipokuwa akiniambia yale maneno. Alikuwa akinitania tu?"

Alingoja. Ng'ombe aliendelea kucheua. Mabega yake ni membamba siku hizi.

Tumboni nilikuwa nimebeba mwingine, naye atafika umri, atakwenda kulala kwa bibi yake. Nilikuwa na jibu, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na mgongo wangu ulikuwa bado unakumbuka utumbo wa mbuzi ulivyokuwa baridi.

Maji yalikuwa yanakaribia kuchemka. Niliinama nikaendelea kupuliza moto.